Wabudha Waliozima Kamera

Mwalimu Moraa amesisitiza kwamba huku kuondoka kwangu kuitwe kustaafu. Nina miaka thelathini na mmoja, magoti yangu ni mazima, na watu wa umri wangu ninaowajua waliostaafu ni wacheza mpira peke yao. Lakini yeye anasema kazi hii haijawahi kufanywa na mtu mwingine katika Kisii na Nyamira, kwa hiyo lazima ipate mstaafu wake wa kwanza, na mstaafu huwaachia wenzake maandishi. Basi ninawaandikia ninyi wawili mnaoingia. Mshahara nitauruka kwa sababu hautoshi kujaza aya. Vyeo pia: nilianza nikiwa mratibu wa mtandao, nimemaliza nikiwa mratibu wa mtandao.

Kazi yenyewe niliipata kwa ubishi. Nilikuwa nimerudi Kisii na shahada ya sosholojia, nikikaa kwenye saiba moja karibu na soko, nikiwachapia watu barua za kuomba kazi ambazo mimi mwenyewe nilikuwa naziomba. Asubuhi moja akaingia mwanamke mrefu mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta, akataka nakala za karatasi moja. Mimi siwezi kushika karatasi bila kuisoma.

"Mwalimu, hii ni ya nini?"

"Wewe chapisha tu."

"Nachapisha. Lakini hapa imeandikwa utazame pumzi yako. Pumzi inatazamwaje?"

"Kwani huwa unasoma karatasi za wateja?"

"Nasoma kila kitu."

"Na unaamini unachokisoma?"

"Hata kidogo."

Akacheka, akaangalia mlangoni kama mtu anayetaka kununua kitu cha magendo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni Mbudha. Nilidhani ananitania. Hapa kwetu mtu akishakuuliza jina, swali la pili ni kanisa, na majibu yanayotarajiwa ni mawili: Sabato au Katoliki. Mwalimu Moraa alikuwa akifundisha kemia Mosocho, katika shule inayodhaminiwa na kanisa, na alikuwa Mbudha tangu alipookota kitabu katika maktaba ya chuo kikuu. Akaniambia wako wengine. Wachache, wa kujaza meza mbili kwenye harusi, na wametawanyika kila upande: huyu Mosocho, yule Ikonge, mwingine mjini Kisii, wengine kwenye vilima vya Nyamira ambako hata gari haliendi wakati wa mvua. Hekalu hawana. Mtawa wa karibu yuko Nairobi. Walichokuwa nacho ni simu.

"Tunahitaji mtu wa kushughulikia hiyo mitambo," akasema.

"Mimi si Mbudha."

"Sijakuuliza."

"Hata Mungu mwenyewe sina hakika naye."

"Hayo usiyaseme kwa sauti hapa sokoni. Jumatatu unaweza kuanza?"

Siku ya kwanza nilipewa simu janja moja, spika ndogo, na pawabanki ambayo ilikuwa ikijichaji kwa hiari yake. Nikauliza maswali mpaka Mwalimu akachoka. Nilitaka kujua kwa nini watu wanaofundishwa wasing'ang'anie kitu chochote wanang'ang'ania mtandao kiasi hiki. Akanijibu, "Swali zuri. Uliza tena ukishawapigia wote na kuwaonyesha jinsi ya kuingia."

Kuwaonyesha kulikuwa kazi, maana sikujua ninayemwonyesha. Katika kikao chetu cha Jumapili alasiri karibu kila mtu alizima kamera, na kila mtu alikuwa na jina la kujipa. Kulikuwa na Ndizi Tamu, Simu ya Baba Brian, Mgeni wa Kwanza, na mwingine aliyejiita Chaja. Kwa miezi mingi nilimfundisha Chaja kwa ujumbe jinsi ya kufungua maikrofoni bila kujua kama ni mwanamume au mwanamke, kwa sababu hakuwahi kusema neno. Sababu ya kujificha niliielewa upesi. Jumamosi watu hao hao walikuwa kanisani na familia zao, wakiimba. Nilimuuliza Mwalimu kama huo si unafiki.

"Ni familia," akasema. "Halafu nyimbo ni nzuri."

Sasa niwaambie habari ya kengele, maana mtakutana nayo. Kikao huanza na kuisha kwa kengele ndogo ya shaba ambayo Mwalimu huigonga kwa kijiti. Yeye aligonga, lakini hakuna aliyesikia. Nesi mmoja wa mjini aliketi kimya akingoja mwisho mpaka akachelewa zamu hospitalini. Nilibadilisha simu, nikasogeza kengele, nikalaumu mvua. Mwishowe nikagundua kwamba programu hizi za mikutano zimetengenezewa watu wa ofisini: kila sauti isiyo ya binadamu huchujwa, mbwa, feni, na kengele pia. Yaani chombo kitakatifu cha watu hawa kilikuwa kikihesabiwa kama kelele. Katika kipindi chote ambacho sikuwa nimejua, Mwalimu Moraa, mwenye shahada ya kemia, alikuwa akifumba macho kwa heshima na kuipiga kengele kwa mdomo: "Ngeeeng." Mashine ikaiamini, kwa sababu ni sauti ya mtu. Dawa iko kwenye mipangilio ya sauti, mahali pa kuzima uchujaji, lakini programu ikijisasisha hurudi ilivyokuwa bila kuwaambia. Mkague kila Jumapili. Wengine bado wanaomba ile ya mdomo.

Tatizo la pili lilikuwa ukimya wenyewe. Huku kwetu simu ikinyamaza ina maana moja tu, kwamba imekatika. Kwa hiyo katikati ya utulivu mtu angepasua: "Haloo? Haloo? Mko?" na wengine wote wakashtuka. Aliyetuponya ni Mama Kerubo wa Ikonge. Yeye alizoea kukohoa kidogo baada ya muda, na watu wakagundua kwamba ukisikia kikohozi mtandao bado uko. Tukamwomba asiache. Nadhani ndiye mtu pekee katika historia ya dini hiyo aliyepewa wadhifa wa kukohoa.

Mama Kerubo ndiye aliyenifundisha kazi hii, ingawa hakujua. Alikuwa mjane, mkulima wa chai, na kamera yake ilikuwa wazi daima kwa sababu hakuwahi kujifunza kuifunga. Tulimjua kwa paji la uso, kitambaa cha kichwani, na mabati yenye masizi juu yake. Mumewe alikuwa fundi katika kiwanda cha chai. Zamani alikuja fundi mwenzake kutoka Sri Lanka kufunga mashine za kukaushia majani, na saa ya chakula, mashine zikiwa zimezimwa, yule mgeni alikuwa akikaa kando, macho chini, kimya. Baba Kerubo akamuuliza anafanya nini. Akafundishwa. Mgeni akarudi kwao, Baba Kerubo akaendelea, akamfundisha mkewe, wakawa wanaketi wawili sebuleni kila jioni. Majirani walijua kwamba hao huomba kimya, na hakuna aliyejali. Nyumba ilikuwa na mwanamume.

Alipofariki, binti yao, Kerubo, akamtumia mama yake simu kutoka Mombasa, na kupitia simu akatufikia sisi.

"Zamani nilikuwa naketi na mtu," aliniambia mara ya kwanza nilipomtembelea. "Sasa naketi na simu yenye watu."

"Kuna tofauti gani?"

"Simu haikoromi."

Mara ya pili nilipokwenda Ikonge nilikuwa nimepeleka chaja mpya. Tulizungumza Ekegusii, kama tunavyozungumza siku zote, hapa naandika maana yake tu. Alinikaribisha chai, na akanitazama kwa makini nilipokuwa nainywa, mpaka kikombe kikaisha. Nikamuuliza kuna nini.

"Umekunywa," akasema.

"Si umenipa?"

"Wengine nawapa na hawanywi."

Akaniambia kwamba kwenye kituo cha kupimia majani, akiweka kikapu chake, wanawake wanasogeza vyao mbali. Mtoto wa jirani alianguka akavunjika mkono, na mtu akauliza Mama Kerubo jana yake alikuwa amepita wapi. "Wanasema mimi ni omorogi," akasema, na akatamka neno hilo kana kwamba analishika kwa koleo. Ndiyo Ekegusii ya mchawi. Kwa msomaji wa mbali linaweza kusikika kama kitu cha hadithi za watoto. Huku, likishatamkwa juu ya mwanamke mzee anayeishi peke yake, watu wameshachomewa nyumba wakiwa ndani. Mimi siamini uchawi. Naamini moto.

Nikauliza ilianza vipi, maana mimi lazima niulize. Akanyoosha kidole ukutani, palipobandikwa ile karatasi ya Mwalimu Moraa, ile ile niliyoichapisha saiba. Maelekezo hayo yalitafsiriwa kutoka ukurasa wa hekalu fulani la ng'ambo, na sote tulikuwa tukiyagawa kwa kila anayeanza. Mstari wa kwanza ulisema: tafuta chumba tulivu, funga mlango.

"Karatasi imesema nifunge. Mimi nafunga."

Aliyeandika mstari ule bila shaka aliishi ghorofani, ambako mlango hufungwa hata mtu akienda kuchukua maziwa. Ikonge mlango wa nyumba ya mtu aliyepo hufungwa jioni. Mchana uko wazi, jirani anapita, anaita, anaingia, anaomba moto au chumvi. Sasa hebu wazieni mmesimama nje. Ni mchana. Mjane yuko ndani peke yake, mlango umefungwa. Mnasikia sauti ya mwanamume ambaye hamkumwona akiingia. Kisha ya mwanamke mwingine. Kisha kimya kirefu, na katikati yake kikohozi. Halafu sauti inasema, "Ngeeeng." Nilijiuliza kwa uaminifu mimi ningedhani nini, na shahada yangu.

Aliyekuwa amesimama nje ni Mama Enock, mke wa shemeji yake Mama Kerubo, ambao shamba lao la chai limepakana na lake. Alikuwa amepeleka habari kwa Mzee Zablon, mzee wa kijiji, naye akaitisha kikao nyumbani kwa Mama Kerubo, Jumapili iliyofuata. Wengine walikuwa wameshatoa pendekezo: ahamie Mombasa kwa bintiye, upesi, kabla vijana hawajakasirika.

"Na kaburi la Baba Kerubo nani atalipalilia?" aliniuliza. "Nimewaambia mimi naketi na wenzangu. Wakaniuliza, wenzako wako wapi? Nikawaambia watakuja Jumapili."

Nilirudi Kisii na sentensi hiyo kichwani, nikaiandika kwenye kundi letu la simu jinsi ilivyo. Kwa mara ya kwanza hata Chaja alionekana anaandika, halafu akaacha.

Simu ya Baba Brian aliandika kwanza: "Tumwambie aache kuketi kwa muda, mambo yatulie."

Mwalimu akajibu: "Aache, halafu waseme kumbe ilikuwa kweli?"

Ndizi Tamu akaandika: "Mimi wateja wangu ni watu wa kanisa. Nikijulikana nitakula hizo ndizi zote mwenyewe."

"Kwamboka," nesi akaniuliza, "wewe uliyesoma mambo ya jamii unasemaje?"

Nilisema kile ambacho mratibu wa mtandao angesema. Nitakwenda Ikonge na tableti na spika, na kila mtu atafungua kamera kutoka kwake, aonekane uso, amsalimie Mzee Zablon, basi. Hakuna atakayetoka nyumbani. Wote walikubali kwa haraka ambayo sijaiona tena katika kundi hilo.

Jumapili mvua ilinyesha. Watu wa kijiji walijibana barazani na sebuleni kwa Mama Kerubo, wazee kwenye viti, wanawake kwenye mabenchi, vijana wakiegemea nguzo. Mezani kulikuwa na chakula alichokipika tangu asubuhi: ugali wa wimbi, mboga za chinsaga zilizochemshwa mpaka zikalainika, maziwa lala, vyote vimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyekifunua. Hakuna aliyesema kwa nini, na hakukuwa na haja. Mama Kerubo alikaa kando ya meza, mikono mapajani.

Niliegemeza tableti kwenye chupa ya chai, nikaunganisha spika, nikaomba kila mtu atazame. Nyuso zikatokea, zote isipokuwa ya Chaja. Kwa kitambo kidogo niliwaona kwa mara ya kwanza, na ningependa ningekuwa na nafasi ya kushangaa. Mvua ikazidi, picha zikaganda, zikageuka miraba myeusi yenye majina. Zikabaki sauti tu, zikitoka kwenye spika kwa nguvu kuliko nilivyokusudia:

"Hamjambo wazee! Sisi ndio wenzake Mama Kerubo!"

Benchi la nyuma lilihama lote kwa pamoja. Mama Enock akasimama.

"Mmesikia kwa masikio yenu! Si ndizo hizo ninazowaambia? Sauti bila watu! Niliwaambia mkasema naota!"

Mzee Zablon alinitazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Binti yangu, wewe umesoma. Mama huyu anashtakiwa kwamba anaongea na watu wasioonekana. Na wewe umekuja kumtetea kwa kutuletea watu wasioonekana?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani, na maprofesa, lakini sijawahi kuulizwa lililo bora kuliko hilo. Kabla sijajibu, spika ikaita jina langu.

"Kwamboka."

"Naam, Mwalimu."

"Zima hiyo kitu."

Akakata. Mmoja baada ya mwingine, ile miraba ikapotea. Nilidhani wametoroka, na niseme kweli, niliwaelewa.

Nilibaki na kitu kimoja ninachokijua, kuuliza. Nikamgeukia Mama Enock. "Mama, wewe uliona nini kwa macho yako?"

"Niliona mlango."

"Na ndani?"

"Wewe nawe! Mlango umefungwa, ndani nitaonaje?"

Vijana wakacheka. Nikamuuliza alisikia Mama Kerubo akisema nini. Hakusema kitu. Alikuwa na chombo gani? Hakujua. Mtoto aliyevunjika mkono alianguka kutoka wapi? Kwenye mti wa parachichi. Nani alimtuma juu? Hapo mama wa mtoto akaangalia chini. Niliuliza na kuuliza, nikarudia niliyokwisha kuuliza kwa maneno mengine, mpaka saa nzima na zaidi ikapita, na Mzee Zablon akainua mkono.

"Maswali yako ni mazuri, lakini hayajibu langu. Mchana mlango hufungwa mtu akiwa amesafiri. Huyu hakusafiri. Na wenzake aliosema wanakuja hawajaja. Mimi nitafanya nini? Vijana hawa sitawazuia kila siku." Akamgeukia Mama Kerubo, na sauti yake ikashuka. "Kwa binti yako kuna nafasi?"

Mama Kerubo alinyoosha kitambaa kilichofunika chakula, mahali ambapo hakikuwa kimekunjamana. Mtu akaanza kusema habari za nani atamsaidia kubeba vyombo. Mwingine akauliza chai yake itachumwa na nani, na nikaona Mama Enock akifungua mdomo na kuufunga.

Hatukusikia pikipiki walizokuja nazo, kwa sababu ya mvua juu ya mabati. Tuliona watu. Mwalimu Moraa aliingia kwanza, viatu mkononi, matope mpaka magotini, sketi imelowa chapachapa. Nyuma yake mwanamume mkubwa kama kabati, ambaye alipopiga chafya nilimtambua: Ndizi Tamu, ambaye kwa sauti yake nyembamba nilikuwa nimemwazia mtu wa kimo cha mwanafunzi. Kisha nesi, koti la mvua juu ya sare ya hospitali. Kisha wengine watatu. Si wote. Baadhi ya majina sikuyaona siku hiyo wala baadaye.

Bibi mmoja kwenye benchi alikodoa macho. "Si huyu ndiye aliyenifunga bandeji hospitalini?"

"Ndiye mimi, Mama. Mguu umepona?"

"Umepona." Akamgeukia jirani yake. "Umepona kabisa, huyu ana mkono mwepesi."

Mama Enock alikuwa bado amesimama, lakini sasa kwa namna nyingine. "Mwalimu? Mwalimu wa Enock wangu? Wewe nawe uko na hawa?"

Hapo ndipo nilipoona gharama aliyokuwa akiilipa Mwalimu. Mwanawe alisoma bweni Mosocho, darasani kwa Mwalimu Moraa. Kabla ya Jumatano shule nzima ingejua.

"Niko nao, Mama Enock," Mwalimu akasema. "Na Enock kemia anafanya vizuri. Hesabu bado ni mvivu." Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Mama Kerubo, tumetoka mbali na tuna njaa. Tupe maji tunawe."

Hakutoa hotuba. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Mama Kerubo akainuka, akaleta birika na beseni, akawamiminia maji mmoja baada ya mwingine, macho yake kwenye nyuso zao hata maji yakamwagika miguuni mwa Ndizi Tamu. Wakafunua kitambaa. Wakakata ugali. Wakala, mbele ya kijiji kizima, bila haraka, na chumba kikawa kimya kama vile vikao vyetu, isipokuwa safari hii kila mtu alikuwa na macho wazi. Ndizi Tamu alimaliza, akaomba aongezwe chinsaga. Akaongezwa. Akaomba tena.

"Huyo ataona aibu lini?" bibi wa bandeji akanong'ona, na mtu akacheka.

Mzee Zablon aliwangoja wamalize. "Sasa nionyesheni. Mnachofanya mkifunga mlango, kifanyeni mlango ukiwa wazi."

Basi wakaketi. Mama Kerubo kwenye kigoda chake, wengine sakafuni na kwenye mabenchi. Mvua ilipiga mabati. Kuku aliingia, akaokota punje chini ya meza, akatoka. Mtoto akauliza kwa sauti kama wamelala, akanyamazishwa. Baada ya muda Mwalimu akainua kichwa.

"Ni hivyo tu?" akauliza Mzee Zablon.

"Ni hivyo tu."

"Hata mvua hamuombi?"

"Hatuombi."

"Sawa. Mvua tunayo." Akasimama, akaenda kwenye beseni, akanyoosha mikono. Mama Kerubo alimtazama kwanza, kama mtu asiye na hakika ameombwa nini, kisha akamimina. Mzee alikula tonge mbili, akajifuta, akasema mama huyu haendi Mombasa, aketi anavyotaka, ila mlango usifungwe mchana tena. Wengine wakanawa baada yake. Mama Enock hakunawa. Alifunga leso yake akaondoka mvuani.

Ile karatasi tuliibadilisha wiki hiyo hiyo. Mstari wa kwanza sasa ni huu mnaoujua: acha mlango wazi, waambie majirani unafanya nini. Wa ng'ambo wakiwauliza kwa nini tafsiri yetu haifanani na yao, waelezeni. Mwalimu Moraa aliitwa na mkuu wa shule, akaulizwa, akajibu kweli. Hakufukuzwa. Aliondolewa ulezi wa wanafunzi wa kwaya ya kanisa, kazi aliyoifanya miaka mingi, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Wako wazazi ambao hawamsalimii. Wako pia wanafunzi wanaobaki nyuma baada ya kipindi kumuuliza pumzi inatazamwaje. Huwaambia waulize nyumbani kwanza.

Mtaniuliza kama sasa mimi ni Mbudha. Hapana. Nimeketi mara nyingi, nikijaribu maikrofoni, na nimegundua kwamba ndani ya kichwa changu kuna kelele ambayo hakuna programu inayoichuja. Hayo ni matokeo, si imani. Nilianza kazi nikijiuliza kama watu wanaokutana kwenye simu ni jamii kweli, au ni orodha tu. Nilikuwa na jibu la haraka, la chuoni. Ikonge ililiharibu, na sijapata jingine la kuliweka mahali pake. Ndiyo maana naondoka nikiwa bado nataka kujua. Mtu wa kazi hii akishakuwa na majibu ataanza kuwaandikia watu karatasi.

Jumapili yangu ya mwisho niliomba kuifanyia nyumbani kwa Mama Kerubo. Jua lilikuwa kali, mlango wazi mpaka ukutani. Nilikuwa kwenye benchi, nimeshika simu, kikao kikiwa katikati ya ukimya, kivuli kikaingia. Mama Enock. Alikuwa hajakanyaga humo tangu siku ile ya mvua. Alisema amekuja kumtafuta kuku wake, ingawa kuku alikuwa amesimama uani, wazi kabisa. Mama Kerubo alifumbua jicho moja, akalifumba. Mama Enock akasogea, akainama juu ya simu.

"Hawa ndio wale?" akaninong'oneza.

"Ndio hao."

"Mbona hawasemi?"

"Wanaketi."

"Na hii nyeusi?" Aligusa mraba wa Chaja. "Huyu hana sura?"

"Ameifunga mwenyewe."

Kisha, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde, akasema: "Wewe uliye hapo! Mama yako ni nani?"

Maikrofoni ilikuwa wazi. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuizima, na kuizima ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikakiondoa. Halafu sauti ambayo sikuwa nimeisikia hata mara moja katika miaka yote niliyofanya kazi hii, sauti ya mwanamke, ya chini, yenye mkwaruzo, ikajibu kwa Ekegusii:

"Mama yangu alikuwa Bochaberi. Alizaliwa huko huko kwenu, karibu na kituo cha majani."

"Bochaberi yupi? Yule mwenye pengo?"

"Ndiye."

"Aa! Mimi na yeye tulichuma chai safu moja! Hebu nikuone."

Mraba ukawaka. Kwanza tukaona dari, kisha kidevu, kisha uso wa mwanamke wa makamo akirekebisha simu, akiwa na aibu, na alipotabasamu tukaona pengo lile lile.

Mama Enock akakitafuta kigoda kwa mkono bila kuondoa macho kwenye simu, akakivuta, akaketi karibu na Mama Kerubo.

"Haya," akasema, akigusa mraba uliofuata. "Na wewe je?"